Walioitwa, Kisha Wakafukuzwa: Katanga na Watu Walioijenga

Kusini mwa katikati ya Lubumbashi, mji wa Katanga nchini Kongo, ukishaipita Kamalondo, kuna komuni inayoitwa Kenya. Si nchi ya Nairobi na Mombasa. Ni mtaa wa wafanyakazi, mmojawapo wa mitaa ya kale ambayo Wabelgiji waliitenga kwa ajili ya watu weusi. Soko lake linajulikana mji mzima. Uwanja wake wa mpira una jina la Frédéric Kibassa Maliba, mtoto wa Katanga aliyeshirikiana na Étienne Tshisekedi, mtoto wa Kasai, kuanzisha chama cha UDPS mwaka 1982. Katika malupango ya Kenya, yaani viwanja vya nyumba zake, wanaishi pamoja Waluba wa Kasai na Waluba wa Katanga, Wabemba, Wasanga, Walunda, Wasongye na Watetela, na watoto wao wanaitana na kugombana kwa Kiswahili.

Watu hawa hawakufika hapa kwa bahati. Babu zao waliitwa, wakasafirishwa, wakaandikwa katika madaftari ya kampuni na kupewa namba. Lakini mara mbili ndani ya umri wa mtu mmoja, kwanza baada ya uhuru wa 1960, kisha mwaka 1992 na 1993, watu waliozaliwa Katanga waliambiwa kwamba ni wageni na kwamba wakati wa kurudi kwao umefika. Leo maneno yaleyale yanasikika tena. Naisimulia historia hii tangu mwanzo kwa sababu anayeijua hawezi kukubali kirahisi kwamba tatizo la Katanga ni wageni. Tatizo ni utawala ambao kwa zaidi ya miaka 100 umechukua jasho la mtu anayehama, ukamnyima haki ya kuwa mtu wa mahali alipohamia.

Kabla ya mipaka

Nchi ya shaba ilijua wahamiaji kabla haijaijua bendera yoyote ya Ulaya. Katikati ya karne ya 19, mfanyabiashara kijana kutoka kwa Wasumbwa, katika eneo la Unyamwezi ambalo leo liko Tanzania, alifuata njia ya misafara ambayo baba yake Kalasa alikuwa ameipita kabla yake. Alifika kwa Wasanga, akakaa, akapata nguvu, akajenga mji mkuu wake Bunkeya. Ndiye M'siri, mfalme wa Garenganze. Shaba, chumvi, pembe za ndovu na watumwa vilipita mikononi mwake kwenda pwani ya Zanzibar upande wa mashariki na pwani ya Angola upande wa magharibi. Utawala wake ulikuwa mkali, na waliouzwa chini yake hawakuwa na wa kuwatetea. Lakini hakuna aliyemuuliza karatasi. Watu wake, Wayeke, wakawa sehemu ya Katanga kwa kuoana, kupigana na kufanya biashara na waliowakuta.

Tarehe 20 Desemba 1891 M'siri aliuawa na msafara wa Kapteni Stairs, uliotumwa kwa maslahi ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji. Msafara ule ulikuwa umeanzia pwani ya Bahari ya Hindi, na mizigo yake ilibebwa na mamia ya wapagazi waliokodiwa Zanzibar na pwani. Ndivyo mkono wa Leopold ulivyofika Bunkeya, ukipitia njia zilezile za misafara na mabega ya watu wanaosema Kiswahili.

Miaka michache baadaye wanadiplomasia wa Uingereza na wa Leopold walichora mpaka, na mkataba wa 1894 ukaigawa nchi. Walamba, Wabemba na Wakaonde wakajikuta wengine wako upande wa Kongo, wengine upande wa ile iliyokuja kuwa Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo. Aliyekwenda kumzika shangazi yake ng'ambo ya pili alikuwa sasa anavuka nchi.

Kampuni inatafuta watu

Kampuni ya migodi ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Mwaka 1910 Émile Wangermée aliuanzisha mji wa Élisabethville, Lubumbashi ya leo, na mwaka huohuo reli kutoka Rhodesia ikaufikia. Mwaka 1911 tanuru la Lubumbashi lilitoa shaba yake ya kwanza. Madini yalikuwepo na mashine zilikuwepo. Watu ndio waliokosekana, maana kusini mwa Katanga vijiji vilikuwa vichache na vidogo, na wenyeji wenye mashamba yao hawakuona sababu ya kwenda kufa chini ya vumbi la mgodi.

Kwa hiyo mwaka 1910 iliundwa Bourse du Travail du Katanga, ofisi ambayo kazi yake ilikuwa kuajiri watu kutoka mbali. Maajenti wake waliingia vijijini wakiwa na zawadi kwa machifu, na pale zawadi iliposhindikana, askari hawakuwa mbali. Kampuni ya Mwingereza Robert Williams nayo ilileta wanaume kutoka Rhodesia ya Kaskazini na Nyasaland. Hao ndio waliokuwa uti wa mgongo wa migodi katika miaka ya mwanzo. Wengi walikufa kwa nimonia na kuhara, na homa kuu ya mwaka 1918 ikazidisha makaburi.

Wakati kampuni inawatafuta watu kwa kila njia, dola ilikuwa inawafunga miguu. Amri ya mwaka 1910 kuhusu machifu ilimfunga kila Mkongo kwenye eneo la chifu wake; hakuruhusiwa kutoka kwa muda mrefu bila pasi. Aliyeingia mjini alitakiwa kuwa na kitambulisho chake, buku, lenye jina la mwajiri na mihuri ya serikali. Mji wa wazungu ulitenganishwa na mitaa ya Waafrika kwa ukanda wa ardhi tupu, na usiku mtu mweusi hakuruhusiwa kuonekana upande wa wazungu bila kibali. Aliyekamatwa bila karatasi alifungwa au kurudishwa kijijini.

Hapo ndipo kosa la kuishi mahali bila ruhusa lilipoanza katika nchi hii. Mtu wa Lomami aliyetembea kwa miguu yake hadi Élisabethville, ndani ya koloni lilelile na chini ya bendera ileile, alikuwa mhalifu. Jirani yake aliyeletwa na ajenti alikuwa mfanyakazi halali. Walitoka kijiji kimoja na walitaka kitu kimoja, na tofauti yao ilikuwa tu kwamba mmoja alihitajika wiki ile na mwenzake hakuhitajika.

Kutoka Rhodesia hadi Kasai

Baada ya Vita Kuu ya kwanza Wabelgiji waliingiwa na hofu. Migodi yao ilitegemea reli ya Waingereza, makaa ya Waingereza na vibarua kutoka makoloni ya Waingereza. Katika miaka ya 1920 waliamua kugeukia watu wa ndani: Lomami, Kasai, Maniema, na pia Ruanda-Urundi iliyokuwa chini ya Ubelgiji. Mwaka 1928 reli ya BCK iliunganisha Katanga na Port-Francqui, Ilebo ya leo, ikipita katikati ya Kasai. Tangu siku hiyo Mluba wa Kasai aliweza kupanda treni karibu na kwao na kushuka kwenye nchi ya shaba.

Kampuni nayo ilibadili mbinu. Badala ya kumleta mwanamume peke yake kwa miezi michache na kumrudisha akiwa mgonjwa, ilianza kumtaka abaki, kwa mkataba wa miaka mitatu, pamoja na mke na watoto. Daktari Léopold Mottoulle alikuwa miongoni mwa wasanifu wakuu wa mpango huo. Wafanyakazi walijengewa makambi, wakapewa posho ya unga, samaki, mafuta na chumvi, wakajengewa zahanati za wazazi, na shule za wamisionari zikafundisha watoto kuwa mafundi wa kesho. Watu wakaiona kampuni kuwa baba na mama. Lakini mzazi huyo alikuwa na kiboko mkononi: alichagua nani aoe, nani aishi kambini, na nani aondoke siku ambayo hatakiwi tena.

Siku hiyo ilifika mapema. Bei ya shaba ilipoanguka katika mdororo wa dunia wa mwaka 1930 na miaka iliyofuata, Union Minière ilipunguza zaidi ya nusu ya wafanyakazi wake. Maelfu walirudishwa Rhodesia, Ruanda-Urundi na vijijini mwao. Bei ilipopanda tena, maajenti wakarudi barabarani. Wazee wetu walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Katanga ilimpa mgeni jembe tangu siku ya kwanza, ila haikumpa ardhi ya kulilimia kwa jina lake.

Na bado watu hawa walijifunza kusimama pamoja. Desemba 1941, vita vikiwa vimepandisha bei za kila kitu, wafanyakazi wa Union Minière waligoma wakidai mishahara. Tarehe 9 walikusanyika kwenye uwanja wa mpira Élisabethville, na askari wakawafyatulia risasi. Kiongozi wao Léonard Mpoyo aliuawa pamoja na makumi ya wenzake. Walioanguka walitoka majimbo mbalimbali, na damu yao iliingia katika ardhi moja. Mwaka 1965 André Yav, kwa niaba ya watumishi wa zamani wa nyumba za wazungu, aliandika historia ya mji huu kwa Kiswahili cha Élisabethville. Kitabu chake kidogo kinathibitisha kwamba wafanyakazi hawa walijiona kuwa wenye mji, maana walikuwa na kumbukumbu yake ambayo mabwana zao hawakuwa nayo.

Kura iliyowasha moto

Baada ya Vita Kuu ya pili mji ulipanuka. Kamalondo na Kenya zilijaa, zikajengwa Katuba na Ruashi. Watoto wa Kasai waliowahi kusoma shule za misheni wakawa makarani, walimu na wakuu wa zamu, wakati wenyeji wengi wa kusini mwa Katanga walibaki vijijini au kwenye kazi za chini. Wakati wa neema, tofauti hiyo ilivumilika. Mwaka 1957 bei ya shaba ikashuka na ukosefu wa kazi ukaingia mjini. Desemba ya mwaka huohuo Wabelgiji wakaruhusu kwa mara ya kwanza uchaguzi wa mabaraza ya mji, na viti vikuu katika komuni za Waafrika vikaenda kwa watu wenye asili ya nje ya jimbo.

Wenyeji waliona kwamba demokrasia imekuja kuwapokonya hata kile kidogo walichokuwa nacho. Hofu yao haikuwa ya kubuni, na yeyote anayeandika historia hii kwa haki lazima aiseme. Kosa lilikuwa la wale walioichukua hofu hiyo na kuielekeza kwa jirani, wakaiacha kampuni na serikali zilizokuwa zimegawa shule na vyeo kwa upendeleo. Oktoba 1958 chama cha CONAKAT kiliundwa kwa ajili ya wale walioitwa Wakatanga halisi. Kiongozi wake wa kwanza alikuwa Godefroid Munongo, kisha akaja Moïse Tshombe. Munongo alikuwa wa ukoo wa M'siri. Mjukuu wa mhamiaji kutoka Usumbwa ndiye aliyesimama kuamua nani ni mwenyeji na nani ni mgeni, na hakuna aliyeona ajabu, kwa kuwa ukoo wake ulikuwa umekaa kiasi cha kusahauliwa ulikotoka. Muda huo ndio ambao Waluba wa Kasai walinyimwa.

Tarehe 11 Julai 1960 Tshombe alitangaza Katanga kuwa nchi huru, akiungwa mkono na Wabelgiji na kodi za Union Minière. Waluba wa Kasai, na hata Waluba wa Katanga waliomfuata Jason Sendwe katika chama cha BALUBAKAT, wakawa maadui ndani ya mji wao. Mwishoni mwa Agosti 1961 kamatakamata iliwalazimu kukimbilia kwa askari wa Umoja wa Mataifa. Katika majuma machache kambi yao Élisabethville ilikuwa na watu zaidi ya 30,000, waliolala kwenye vibanda vya mabati, magunia na majani, bila vyoo vya kutosha wala maji safi. Mwaka 1962 wengi walisafirishwa kwenda Kasai na kaskazini mwa Katanga. Bakwanga, kijiji cha almasi ambacho leo ni jiji la Mbuji-Mayi, kilivimba kwa watu wa namna hii waliofukuzwa kutoka pande mbalimbali za Kongo.

Januari 1963 utengano wa Katanga ulikwisha. Waliofukuzwa wakaanza kurudi mmoja mmoja, kwa sababu tanuru lilihitaji mafundi na mafundi walikuwa wao. Mwaka 1966 serikali ya Kinshasa ilitunga sheria ya kuadhibu ubaguzi wa rangi na wa kikabila. Mwaka 1967 Union Minière ilitaifishwa, na baadaye ikaitwa Gécamines. Kwa miaka 25 iliyofuata ilionekana kana kwamba jeraha limefunga.

Stesheni ya Likasi

Halikuwa limefunga. Kufikia mwaka 1990 Gécamines ilikuwa imekamuliwa hadi mfupa na utawala wa Rais Mobutu. Septemba ya mwaka huo mgodi wa Kamoto uliporomoka. Mishahara ilichelewa, hospitali za kampuni zikakosa dawa, na baba na mama wa kila mtu akawa hana tena cha kuwapa watoto. Mobutu alikuwa akisukumwa na Mkutano Mkuu wa Taifa ulioitishwa kutafuta demokrasia, na alihitaji wapinzani wake wagombane wao kwa wao.

Novemba 1991 Nguza Karl-i-Bond, mtu wa Katanga, alifanywa waziri mkuu, na Gabriel Kyungu wa Kumwanza wa chama chake cha UFERI akawa gavana wa Shaba, kama jimbo lilivyoitwa wakati ule. Kyungu alihutubia mikutano mikubwa akiwaeleza Wakatanga kwamba umaskini wao unasababishwa na watu wa Kasai waliojaza ofisi za Gécamines. Vijana wa chama, JUFERI, wakapewa moyo. Watu wa Kasai wakaitwa bilulu, wadudu. Tarehe 15 Agosti 1992 Mkutano Mkuu ulimchagua Étienne Tshisekedi kuwa waziri mkuu badala ya Nguza. Watu wa Kasai walishangilia mitaani, na kilichofuata kilikuwa kisasi.

Moto uliwaka zaidi katika mji wa Likasi. Nyumba zilivunjwa na kuchomwa, familia zikatolewa nje na zilichoweza kubeba. Makumi ya maelfu walikimbilia stesheni ya reli na shuleni, wakangoja treni za kuwapeleka Kasai. Treni zilikuwa chache. Watu waliishi stesheni kwa miezi, wakipika kando ya reli, wakijifungua watoto chini ya maturubai, wakizika wengine. Surua, kuhara na njaa viliua hasa wadogo. Waliopanda walisafiri siku nyingi katika mabehewa yaliyojaa kupita kiasi, na si wote waliofika Mwene-Ditu au Kananga wakiwa hai. Machi 1993 zamu ikawa ya Kolwezi. Lubumbashi haikuona ukatili wa kiasi hicho, ila hofu iliingia kila lupango. Kwa jumla waliong'olewa walikuwa mamia ya maelfu.

Wengi wao walikuwa hawajawahi kuiona Kasai. Walizaliwa katika makambi ya kampuni, walioa au kuolewa na Wakatanga, na watoto wao hawakujua Kiluba cha Kasai. Walirudishwa mahali ambapo hawakuwahi kutoka. Mbuji-Mayi waliitwa tena wakuja, safari hii na ndugu zao. Na waliobaki Katanga walipata nini? Mwaka 1986 Gécamines ilitoa zaidi ya tani 470,000 za shaba. Mwaka 1993 haikufikisha tani 50,000. Haikuwa kwa sababu ya kufukuzwa kwa mafundi peke yake, maana uporaji na Kamoto vilishaanza kazi hiyo. Lakini ahadi kwamba kumwondoa jirani kutaleta kazi ilionekana wazi kuwa uongo. Nafasi za waliofukuzwa zilikufa pamoja na kampuni.

Sheria dhidi ya ubaguzi wa kikabila ilikuwepo tangu 1966, na haikuwafikisha mahakamani walioongoza uchochezi huo. Kazi ya kumbukumbu iliachiwa wasomi kama Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, aliyekusanya simulizi za familia za wafanyakazi ili Wakasai na Wakatanga wasikilizane. Ni kazi ya heshima, ila haitoshi kuziba pengo la sheria.

Treni ya mizigo

Sababu zinazowatoa watu Kasai hazijakoma. Kampuni ya almasi ya MIBA, iliyolisha Mbuji-Mayi, ilianguka. Mwaka 2016 na 2017 vita vya wanamgambo wa Kamuina Nsapu viliteketeza vijiji. Mwaka 2018 Angola ilifukuza Wakongo mamia ya maelfu kupitia mpaka wa Kasai. Wakati huohuo shaba na kobalti vya Haut-Katanga na Lualaba vinatafutwa na dunia nzima, na kijana hahitaji ajenti tena kumwambia kazi iko wapi. Anafika Lubumbashi, anaendesha pikipiki ya abiria, anauza mkaa na unga, anachimba kwa mikono. Wenyeji wanaona kodi za nyumba zinapanda na shule zinajaa, na wanasiasa wanaona kura.

Njia wanayokuja nayo inaeleza yote. Machi 2022 treni ya mizigo ilianguka Buyofwe, mkoani Lualaba, na watu zaidi ya 70 wakafa. Haikuruhusiwa kubeba abiria. Waliokufa walikuwa wamepanda kwa siri ndani ya nchi yao wenyewe, wakipita kwa haki yao kama wezi, kwa kuwa treni ya abiria ya kutegemewa haikuwepo na barabara ni mbovu.

Nasema kwa haki yao kwa sababu Katiba ya 2006 inasema hivyo. Ibara ya 30 inampa kila aliye katika ardhi ya Kongo uhuru wa kutembea na kuweka makazi, na inakataza Mkongo kulazimishwa kuishi nje ya makazi yake ya kawaida. Ibara ya 13 inakataza ubaguzi kwa misingi ya kabila, asili au makazi. Pasi ya 1910 ilikufa. Lakini afisa anayemsimamisha kijana stesheni na kumuuliza kwao wapi bado anaishi katika mwaka huo.

Kinachopaswa kubadilika

Mageuzi ya kwanza ni karatasi. Sensa ya mwisho ya taifa ilifanyika mwaka 1984. Kwa miongo Wakongo wametumia kadi ya kupigia kura kama kitambulisho, na kitambulisho kipya cha taifa kilichozinduliwa mwaka 2023 bado hakijawa mkononi mwa mwananchi wa kawaida. Nchi isiyojua ina watu wangapi haiwezi kupanga shule wala maji ya mji unaokua, na mtu asiye na kitambulisho anakuwa mgeni pale ambapo afisa anataka awe mgeni. Kila mtoto aandikishwe alikozaliwa, na kila aliyehamia aandikishwe anakoishi bila kuulizwa kijiji cha baba.

Mageuzi ya pili ni fedha. Ibara ya 181 ya Katiba iliunda mfuko wa kusawazisha maendeleo ya mikoa, unaostahili 10% ya mapato ya taifa. Ungejazwa kila mwaka na kutumika kwa uaminifu, Kasai ingekuwa na barabara, umeme na kazi, na anayehama angehama kwa kuchagua. Mikoa ya shaba nayo ina haki ya kudai sehemu yake ya 40% iliyoandikwa katika ibara ya 175, ili mji unaopokea watu uwe na uwezo wa kuwapokea. Malalamiko ya wenyeji kuhusu huduma yana ukweli ndani yake, na jibu lake ni bajeti.

Mageuzi ya tatu ni mpaka. Kila siku malori kutoka Dar es Salaam hupita Tunduma, huvuka Zambia na kupanga foleni Kasumbalesa. Kongo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na tayari ilikuwa ndani ya SADC na COMESA. Dola ina haki ya kujua nani anaingia, ila haki hiyo hutumika vizuri pale ada zinapokuwa wazi, chache na zenye risiti. Mfanyabiashara mdogo wa Kilamba mwenye ndugu pande zote mbili anahitaji pasi ya mpakani ya bei nafuu. Akinyimwa ataipita njia ya porini na kumlipa mtu usiku.

Ya nne ni njia ya kuwa raia kwa wageni waliozeeka kazini. Kuna mfano karibu. Wamakonde kutoka Msumbiji walianza kuja pwani ya Kenya tangu miaka ya 1930 kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa. Kwa vizazi waliishi Kwale bila uraia. Oktoba 2016 walitembea kwa miguu kuelekea Nairobi, rais akaamuru wapewe vitambulisho, na mwaka 2017 wakatambuliwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Washona walifuata mwaka 2020, na Wapemba mwaka 2023. Hakuna Mkenya aliyepoteza nchi yake kwa sababu hiyo. Waliokuwa wakijificha walianza kufungua akaunti za benki, kusajili biashara na kulipa kodi.

Linganisha na waliochagua kufukuza. Ghana iliwafukuza wageni mwaka 1969, Uganda ikawafukuza Waasia mwaka 1972, Nigeria ikawafukuza Waghana wapatao milioni moja mwaka 1983. Ghana na Nigeria zilikuwa na uchumi unaougua, na watu wa Uganda waliambiwa kwamba mali ya waliofukuzwa itakuwa yao. Hakuna hata nchi moja kati ya hizo ambayo uchumi wake ulipona kwa sababu ya ufukuzaji.

Na sheria ya 1966 itumike. Kiongozi anayewaita raia wadudu afikishwe mahakamani kabla ya nyumba ya kwanza kuchomwa, awe wa chama tawala au cha upinzani, mtoto wa Katanga au wa Kasai.

Katanga ilijaribu kufukuza mara mbili, na mara zote mbili ilibaki na hofu nyingi zaidi. Ambacho haijawahi kujaribu kwa dhati ni kumwandikisha mtu pale anapoishi, kumtoza kodi hapo, kumpa kura hapo, na kumhukumu kwa matendo yake bila kuuliza kaburi la babu yake liko wapi. Kama Wayeke walipewa muda wa kuwa Wakatanga, kila aliyechimba shaba hii anastahili muda huohuo, na kazi ya sheria ni kumhakikishia kwamba hatanyang'anywa.